Mwisho wa Juma Gisenyi: Wageni, Watoto na Maji ya Kivu

Mji wa Gisenyi, ambao ndio kitovu cha Wilaya ya Rubavu katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, umelala kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ukigusana na mji wa Goma wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiasi kwamba mgeni asiyeonyeshwa mpaka hawezi kujua ni wapi mji mmoja unaishia na mwingine unaanzia. Msafiri atokaye Kigali husafiri kwa muda wa saa tatu au zaidi kidogo, akipitia Musanze, akipanda milima yenye baridi na mashamba ya viazi mviringo, kisha barabara huanza kuteremka kwa mizunguko mingi, na ghafla ziwa huonekana chini yake, pana na tulivu, kama kitambaa kilichotandikwa.

Wakati wa kiangazi, yaani kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika na shule zikiwa zimefungwa, jamaa na marafiki walioko Kigali huwakumbuka sana wenzao wa Gisenyi. Simu huanza kulia. Mwenye nyumba huhesabu magodoro. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wahenga hao hao hawakusema lolote juu ya wageni watano wanaokuja pamoja, watatu kati yao wakiwa watoto wadogo, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule.

Hivyo ndivyo ilivyotufika sisi mwishoni mwa Julai. Rafiki yangu niliyesoma naye Kigoma, ambaye sasa anaishi Kigali na mumewe, aliniarifu kwamba wangefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Napenda kuwasimulia wasomaji siku hizo mbili zilivyokwenda, kwa kuwa nilijifunza jambo ambalo huenda likamfaa kila mama anayepokea watoto wa wenzake mahali penye maji.

MATAYARISHO

Jambo la kwanza ni kuwaarifu wageni mapema mambo wasiyoyajua. Watu wengi hudhani kwamba kando ya ziwa ni joto, wakakumbuka Kigoma au Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Kivu uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwa na ubaridi unaomtafuta mtoto hata ndani ya blanketi. Nilimwambia rafiki yangu alete sweta na soksi za watoto, na kofia za mchana, kwa maana jua la kiangazi huku hupiga bila huruma hata kama upepo ni mwororo.

Jambo la pili ni safari yenyewe. Ile mizunguko ya barabara huwachafua watoto tumbo. Zamani mama alikuwa akibeba mifuko ya plastiki kwa dharura hiyo, lakini Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na kwa kweli usafi wa miji yake ni ushahidi wa faida ya sheria hiyo. Basi mama mwenye busara huchukua kopo la maziwa lenye kifuniko, kitambaa chenye maji na kipande cha limau cha kunusa. Chakula cha asubuhi kiwe chepesi. Mtoto aliyeshiba uji mzito atautoa kabla ya kufika Musanze.

Jambo la tatu ni kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, ambapo wananchi hukusanyika mitaani mwao kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi kwa kazi za pamoja: kuchimba mitaro, kufyeka majani, kutengeneza njia. Muda huo maduka hufungwa na magari hayatembei ovyo. Mwenyeji ambaye hakununua mkate, maziwa na mkaa siku ya Ijumaa atawalaza wageni njaa hadi karibu adhuhuri. Mimi nilinunua kila kitu Alhamisi.

Kuhusu malazi, tuliwapa wageni chumba chetu pamoja na mtoto wao mdogo. Sisi tulitandika godoro sebuleni. Watoto wanne waliosalia, wawili wetu na wawili wao, waliwekewa magodoro mawili ubavu kwa ubavu, wakalazwa kwa upana badala ya urefu, hivyo kila mmoja akapata nafasi. Mdogo wake mume wangu, anayeishi nasi, alikwenda kulala kwa jirani bila kunung'unika. Neti za mbu nilizifua tangu mapema. Maji ya kunywa yalichemshwa na kupozwa katika ndoo mbili zenye vifuniko, kwa maana watoto watano humaliza maji kama ngamia.

SWALI LA KWANZA

Wageni walifika jioni, wamechoka lakini wenye furaha. Rafiki yangu alinikabidhi kifurushi kilichofungwa vizuri kwa gazeti. Kilikuwa dagaa wakavu ambao mama yake alimtumia kutoka Kigoma. Nilicheka, kwa sababu jikoni kwangu kulikuwa na karai la sambaza zilizokwisha kukaangwa kwa ajili yao.

Baada ya chakula shemeji yangu, yaani mume wa rafiki yangu, aliuliza kwa sauti ya chini, watoto wasisikie, "Shemeji, mji huu ni salama?"

Sikumlaumu. Swali hilo ni la haki kwa baba mwenye watoto. Mlima Nyiragongo, ambao uko upande wa Kongo na tunauona kutoka barazani hewa inapotakata, ulilipuka Januari 2002, ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mara hii ya pili lava haikutufikia, bali matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za Gisenyi, na maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kutafuta hifadhi. Halafu mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipouteka mji wa Goma, makombora yaliangukia hata upande wetu na watu wakapoteza maisha. Siku zile sisi wenyewe tulilala chini, sakafuni, mbali na madirisha.

Mume wangu alimjibu bila kuficha. Alimweleza kwamba wakati ule mji ulikuwa umetulia, biashara zilikuwa zikiendelea, na kwamba tusingewaita kama tungekuwa na mashaka. Akaongeza kwamba mwenyeji anayemficha mgeni wake hatari hamheshimu. Basi tukawaonyesha mlango wa nyuma, tukakubaliana mahali pa kukutana endapo lolote lingetokea, na mazungumzo yakaisha hapo. Niliona mabega ya shemeji yakishuka. Mtu mzima hutulizwa na ukweli kuliko kubembelezwa.

ASUBUHI YA UMUGANDA

Jumamosi asubuhi wanaume walichukua majembe pamoja na majirani. Shemeji naye hakukubali kubaki nyumbani, ingawa ni mgeni. Alisema katika mtaa wake Kigali hufanya vivyo hivyo. Walizibua mtaro uliozibwa na mchanga. Watoto wakubwa walitazama, kisha wakaanza kubeba majani kwa mikono yao, na hakuna aliyewatuma.

Sisi wawili tulibaki jikoni na mtoto mdogo. Tulitoa viazi maganda, viazi vya ukanda huu ambao ni maarufu Rwanda nzima, tukachambua maharage, tukatwanga kisamvu, ambacho Wanyarwanda hukiita isombe. Hapo ndipo nilipomweleza rafiki yangu habari za sambaza.

Samaki hawa wadogo, ambao kila mpita njia huwaona kama wenyeji wa Kivu tangu dunia kuumbwa, kumbe ni wageni kutoka kwetu. Wataalamu wa wakati wa utawala wa Wabelgiji waliwatoa Ziwa Tanganyika na kuwapandikiza hapa kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa Kivu halikuwa na samaki wa jamii hiyo wa kuvuliwa katikati ya maji. Wamezaana hata wakawa kitoweo na riziki ya watu wengi kandokando ya ziwa lote. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa kuitikiana nyimbo, na usiku taa zao hutapakaa juu ya maji kama mji mwingine. Kila mwaka serikali husimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wapate kuzaana, na mwenye nyumba hana budi kuujua muda huo kabla ya kuwaahidi wageni wake sambaza.

Rafiki yangu alisikiliza, akatazama karai, akatazama kifurushi chake. "Kumbe nimekuletea ndugu zao," alisema.

UFUKONI

Saa saba mchana tulikuwa ufukoni, mahali pa wazi ambapo watu wote huruhusiwa, chini ya miti mikubwa. Tulikuwa watu wazima watano na watoto watano: mtu mzima mmoja kwa kila mtoto. Nani angeweza kuwa na wasiwasi?

Kabla ya watoto kuvua viatu, mdogo wake mume wangu aliwapa maelezo kama afanyavyo kila wageni wanapokuja. Kwanza, katika Kivu hakuna mamba, kwa hiyo watu wa Kigoma watulie. Pili, ziwa hili ni la kina kirefu mno, kufikia takriban mita 480, na katika sehemu nyingi za kingo zake chini hukatika ghafla. Mtoto anayesimama maji ya magotini anaweza kuchukua hatua tatu tu akakosa pa kukanyaga. Tatu, huko chini kabisa kumelala gesi ya methani na ya kaboni kwa wingi sana. Gesi hiyo haimfikii anayeoga ufukoni, na kule Karongi kuna mtambo wa KivuWatt ambao tangu 2016 umekuwa ukivuta methani hiyo na kutoa umeme wa kiasi cha megawati 26.

Aliwaeleza pia neno moja la Kiswahili cha huku ambalo mgeni hana budi kulijua: mazuku. Katika nchi hii ya volkano, hasa upande wa Goma na njia ya kwenda Sake, yako mabonde madogo na mashimo ambamo gesi ya kaboni hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mtu mzima hupita akiwa amesimama asidhurike, na mtoto aliye pembeni yake, kwa ufupi wake, akaivuta na kuanguka. Ndiyo maana watoto wetu hufundishwa wasiingie katika shimo wala bonde wasilolijua, na wakiona mbuzi au ndege amekufa mahali, wasimsogelee, bali wakimbilie mwinuko.

Watoto waliitikia wote kwa pamoja. Wakaingia majini. Wakubwa tukakaa kwenye mkeka.

Maneno ni mengi marafiki wanapokutana. Tulizungumza juu ya mwalimu wetu wa hesabu, juu ya bei za vitu, juu ya mama zetu. Wanaume walizungumza habari za mpira. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Nilichoona ni rafiki yangu akisimama ghafla na kuuliza, "Mdogo yuko wapi?"

Yule kitinda mimba, mwenye miaka mitatu, hakuwepo.

Mimi nilidhani yuko na baba yake. Baba yake alidhani yuko na dada zake. Dada zake walidhani amerudi kwa mama. Mume wangu alidhani nimemchukua kwenda kumsaidia haja ndogo. Kila mmoja wetu alikuwa na dhana nzuri, na hakuna aliyekuwa na mtoto. Shemeji aliingia majini na nguo zake. Mimi nilikimbilia upande wa mitumbwi. Rafiki yangu alibaki amesimama pale pale, akiita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tulipokuwa wasichana, na sitaki kuisikia tena.

Tulimpata mbali kidogo, nyuma ya miti, ameshikwa mkono na mama mmoja mwenye makamo aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na karanga. Beseni lake alikuwa ameliacha chini bila mlinzi.

"Huyu mutoto alikuwa anaenda ku mayi yeye peke," alituambia kwa Kiswahili cha upande wa Goma. "Nikamukamata. Nikasema, mwenyewe atakuja."

Alisema hivyo bila hasira wala kutusuta, jambo lililotuaibisha zaidi. Shemeji, maji yakimchuruzika, alitaka kumpa pesa. Alikataa. Alipoona tumeng'ang'ania alisema kama tunataka, tununue mayai. Tulinunua mayai yote yaliyokuwa katika beseni.

KANGA YA ZAMU

Tulirudi kwenye mkeka kimya. Rafiki yangu alimpakata mtoto, akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa pindo la kanga yake. Nilitaka kumwomba radhi, kwa sababu wageni walikuwa wangu na ziwa ni langu. Naye alitaka kuniomba radhi, kwa sababu mtoto ni wake. Tukajikuta tunaanza kusema kwa pamoja, tukanyamaza.

Aliyetuokoa ni mume wangu. Alisema katika umuganda wa asubuhi ile kila mtu alijua sehemu yake ya mtaro, ndiyo maana mtaro uliisha. Huku ufukoni tulikuwa watu watano na kazi moja, lakini kazi haikuwa na mwenyewe.

Basi tulitunga sheria. Nilivua kanga yangu moja ya mabegani, nyekundu, inayoonekana kwa mbali. Tulikubaliana kwamba anayejifunga kanga hiyo kiunoni ndiye mlinzi wa watoto wote watano. Yeye haketi, hazungumzi, hashiki simu, hali. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Baada ya robo saa humkabidhi mwenzake, na haruhusiwi kuivua mpaka mwingine aipokee na kutamka kwa kinywa chake, "Nimepokea watoto watano." Wanaume nao walijifunga kanga. Watoto walicheka sana kumwona baba yao na kanga kiunoni, lakini walijua vilevile pa kutazama walipotaka mtu mzima.

Ajabu ni kwamba tangu wakati huo tulistarehe kuliko mwanzo. Wanne waliokaa kwenye mkeka walizungumza kwa raha, kwa kuwa sasa walijua kwa hakika kwamba yupo anayetazama.

JUMAPILI

Siku ya pili, baada ya uji na mayai, tulikwenda Nyamyumba, kilometa chache kusini mwa mji, karibu na kiwanda cha bia ambacho kimekuwapo tangu 1957. Hapo kuna chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa. Wenyeji huoga, hukanda viungo vinavyouma, na wapo wanaochemshia mayai na viazi katika maji hayo. Mahali yanapochomoza ni ya moto wa kuunguza. Yanapochanganyika na maji ya ziwa huwa ya uvuguvugu mzuri. Mama na aingize kiwiko chake kwanza, kama afanyavyo kwa maji ya kumwogesha mtoto mchanga, kabla ya kumruhusu mtoto kukanyaga.

Kanga nyekundu ilikwenda nasi. Wa kwanza kujifunga alikuwa shemeji, bila kuombwa.

Saa nane mchana waliondoka. Niliwafungia viazi, karoti, na sambaza zilizokaangwa kavu ili zisiharibike njiani. Kifungua mimba wao, msichana wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa amejifunga ile kanga wakati tukipakia mizigo. Nilipotaka kuipokea alinitazama usoni na kungoja. Nikaelewa. Nikasema, "Nimepokea watoto wawili," yaani wangu. Akanikabidhi, akapanda gari, akaanza kuwahesabu wadogo zake kwa kidole.

Ndugu msomaji, kumkirimu mgeni si wali na kitanda peke yake. Ukipokea watoto wa wenzako, hasa penye maji, usitegemee wingi wa watu wazima. Tafuta kanga, au kofia, au kitambaa chochote kinachoonekana, na kabla hamjaketi, mwulizane: nani amepokea watoto?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ufukoni kumtafuta yule mama wa mayai. Nilimkuta mahali pale pale. Nilimpelekea kile kifurushi cha dagaa wa Kigoma, nikamweleza walikotoka. Aliwanusa, akatabasamu, akaniuliza kama mtoto hajambo.